Nyumba ya Wifi Ina Namba za Gari

Naitwa Margareta, mke wa Basili wa Kilema, na ninayetaka kuwasimulia habari zake ni wifi yangu Dominika. Najua mnachofikiri. Mwanamke akianza kumtaja wifi yake, watu husogeza vigoda karibu wapate kusikia matusi. Poleni sana. Wifi huyu nampenda, na siku moja tulicheka pamoja mpaka tukakaa chini pembeni mwa barabara ya Himo, wanawake wazima wenye vitambaa vya Jumuiya ya kanisani kichwani, tukashindwa kuinuka.

Dominika ana miaka hamsini na sita. Ni mrefu, ana mikono mikubwa, na sauti ya mtu aliyezoea kuita wageni waje kula wakiwa ng'ambo ya korongo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi wa watalii wanaolala kwenye mahema, Serengeti, Manyara, Natron, kila mahali ambapo mtu mwenye akili zake angependa ukuta. Anaweza kuoka mkate ndani ya sufuria juu ya makaa ukatoka umeumuka vizuri, na anaweza kumtukana fisi kwa Kiingereza. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilifungwa mwaka ule wa korona, naye akarudi nyumbani na sanduku moja, majiko mawili ya gesi na tabia ya kuamka saa kumi alfajiri akiuliza nani anataka chai.

Nyumbani, sasa, ndipo penye shida. Kwetu mlimani shamba la nyumbani, lile lenye migomba na kahawa na makaburi ya wazee, tunaliita kihamba, na kihamba humwendea mtoto wa kiume wa mwisho pamoja na nyumba ya wazazi. Mtoto wa mwisho ni Basili wangu. Hakukiomba, alichelewa tu kuzaliwa. Dada zake walitazamiwa kuolewa wakaote mizizi kwingine. Dominika hakuolewa, na ukimuuliza sababu atakuambia alikuwa kazini. Basi aliporudi akapewa jiko la mama yao, lile la mbao lililo nyuma ya zizi, na Basili alifurahi kumpokea dada yake kwa moyo wote. Alimpigia sakafu, akamwekea balbu, akamchinjia jogoo.

Ila Basili hakuwa akipiga hodi.

Jiko la mama ni jiko la mama. Tangu mtoto alikuwa akiingia mle kuchota kiburu, ndizi na maharage, chunguni, na sasa ana miaka hamsini bado akawa anaingia vile vile. Asubuhi anaingia kuchukua panga. Mchana anaingia kutazama ndizi za kupikia pombe ya mbege alizozivundika darini. Jioni anaingia kwa sababu ameona taa. Siku moja aliingia wakati Dominika anaoga kwenye beseni. Alisema "usijali dada," akachukua jembe, akatoka. Dominika alikuja kwangu amejifunga kitenge, povu bado liko masikioni.

"Wifi," akasema, "mimi nimelala kwenye turubai miaka ishirini na miwili. Hata simba alikuwa anafika mlangoni anasita."

"Mwambie."

"Nimemwambia mara saba. Anasema hodi ni ya wageni. Wifi, mimi sitaki ugomvi. Nataka mlango. Mlango wangu, ambao mtu akifika anasimama nje."

Nilimshauri ajenge. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyetoka mbali. Alikuwa na haki. Huku kwetu kitu chenye msingi ni cha mwenye ardhi. Ukishalaza jiwe na saruji juu ya kihamba, umemjengea mwenye kihamba, na baada yake kitinda mimba wake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote na hakuna asiyeijua. Dominika angejenga chumba kizuri, akaweka mlango wa mninga, na Basili angeingia humo kuchukua panga.

Mwezi wa nane akapata simu kutoka kwa dereva mmoja waliyekuwa wakifanya kazi pamoja. Kule Lushoto, mkoa wa Tanga, kulikuwa na mzungu mzee mtafiti wa vyura aliyekuwa akirudi kwao, naye alikuwa anauza tela la kulala. Si tela la mizigo. Ni lile la kuvutwa nyuma ya gari, lenye kuta na madirisha, ndani kitanda, meza ya kukunja, sinki, kabati, na mlango wenye kitasa na funguo mbili. Dominika alikuwa ameyaona mengi ya aina hiyo kwa watalii wanaotoka kusini. Akapanda basi usiku uleule, akarudi baada ya siku nne ameketi mbele kwenye lori la Fuso, na tela limebebwa juu ya lori kama bibi harusi.

Kijiji kizima kilikuja kuona. Lilikuwa jeupe, lenye mstari wa kijani, magurudumu mawili, na mlangoni palibandikwa picha ya chura mwenye macho mekundu ambaye hakukubali kubanduka hata kwa maji ya moto. Ndani lilinuka bwawa. Watoto walilipa jina la Chura kabla halijashuka kwenye lori. Wanaume kumi na wawili walilishusha kwa magogo, wakaliweka nyuma ya zizi pembeni mwa jiko la mama, na Dominika akaingia, akafunga mlango, akakaa humo robo saa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu kuliko ya chura. Alisema ni harufu.

Basili alilizunguka mara tatu. "Dada, sasa hii ni nyumba au ni gari?"

"Ni tela. Lina kadi kama gari, na kadi itakuwa na jina langu. Nitalikatia na bima."

Basili akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nimeolewa naye miaka ishirini na saba, na bado kichwa kile kilinidanganya.

Kazi ya makaratasi tukaianza sisi wawili, mimi nikiwa shahidi na mbeba chakula. Tulianzia Moshi mjini kwa wakala wa bima, kijana nadhifu aitwaye Ezra, mwenye ofisi ya ngazi moja juu ya duka la vitenge. Dominika alitaka bima kubwa, ile inayolipa kila kitu hadi kioo. Ezra akafungua kompyuta.

"Shikamoo mama. Chombo kinalala wapi?"

"Marahaba. Nyuma ya zizi."

"Kuna mlinzi?"

"Kuna ng'ombe watatu na huyu wifi yangu."

Aliandika. Sijui aliandika nini. "Na dereva ni nani?"

"Halina dereva, mwanangu. Halina injini."

"Linatembea mara ngapi kwa mwezi?"

"Halitembei. Mimi nalala ndani."

Ezra aliondoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka mezani. Akatueleza kwa upole kwamba kitu kinachokaa mahali pamoja ni nyumba, na bima ya nyumba inataka hati ya kiwanja. Kitu kinachotembea barabarani ni chombo, na bima ya chombo inataka kadi yenye jina la mwenye chombo. Tuamue. Dominika akajibu kwamba amekwisha kuamua, ni chombo, na siku yoyote akitaka kitatembea. Ezra akasema basi tukalete kadi.

Kadi ilikuwa ya yule mtafiti wa vyura, na kibao cha namba kilikuwa kimepotea zamani katika misitu ya Lushoto. Tukaenda ofisi ya mapato. Dada wa kaunta alitupokea vizuri, akatuandikia vinavyotakiwa: mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa wakili, namba ya mlipakodi, na fomu ya mkaguzi wa magari wa polisi kuthibitisha kwamba namba iliyochongwa kwenye chesisi ndiyo iliyo kwenye kadi. Halafu akaanza kujaza fomu ya kubadili umiliki.

"Matumizi?"

"Kuishi," akasema Dominika.

"Mama, hapa tunaandika binafsi au biashara."

"Andika binafsi. Binafsi sana."

Palibaki mkaguzi. Hapo ndipo jambo lilipotuzunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake, maana tela haliwezi kupita barabarani bila namba na bima, bima haitoki bila kadi, kadi haitoki bila ukaguzi, na ukaguzi unafanyika mjini. Fuso ya kulibeba tena ilikuwa haionekani kila siku. Siku ya Ijumaa tukamfuata mkaguzi mwenyewe, afande Eliakim, tukamkuta Himo akinywa mtori. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Tulimsubiri amalize bakuli, kwa sababu mwanamume hakatishwi mtori, kisha Dominika akamweleza yote.

Alicheka kidogo, akafuta midomo. "Jumatatu asubuhi napanda huko Kilema kwa shughuli nyingine. Nitapitia kwenu. Nikute magurudumu yako chini, taa za nyuma zinawaka, na namba ya chesisi inasomeka. Nikikuta hivyo nasaini. Nikikuta kitu kingine nakunja karatasi zangu naondoka, na sitarudi, mama, maana eneo langu ni kubwa."

"Utakuta hivyo, afande."

"Lina breki?"

"Afande, halijawahi kwenda popote."

Tulitoka pale tukiwa tumelewa bila kunywa. Jumatatu! Dominika alisimama pembeni mwa barabara akaanza kufanya mazoezi. Alikuwa anajizoeza namna atakavyoitikia mtu akija kupiga hodi kwake. "Nani?" akasema kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Nani?" akasema kwa sauti ya askofu. Kisha akainua kidevu, akafanya kama anaweka kikombe mezani taratibu, akasema, "Naaani?" kama mwanamke tajiri mwenye wageni wengine ndani. Ndipo miguu yangu iliponiishia. Nikakaa chini, naye akakaa, na waendesha bodaboda wakatuuliza kama tunaumwa.

Tulipokata kona ya kuingia kihambani saa kumi na moja jioni, tulipokewa na harufu ya mbuzi wa kuchoma. Nikasikia nyimbo. Nikaona wanaume kumi na wawili wa ukoo wamekaa kwenye nyasi na vibuyu vya mbege, mashati yamechafuka saruji, nyuso zinang'aa. Basili akainuka kutoka katikati yao, amefungua mikono, anacheka kama siku aliyonioa.

"Dada! Geuka utazame."

Tukatazama. Chura hakuwa na magurudumu. Alikuwa ameketi juu ya msingi wa mawe ya mtoni uliozungushwa pande zote nne, umepigwa plasta ikalainishwa, wenye ngazi tatu mbele ya mlango. Kila pembe ilipandwa mche wa isale, mmea wetu wa mipaka, ule tunaoupanda kusema hapa ni pa fulani na pataendelea kuwa pa fulani. Ilikuwa kazi nzuri kweli. Sijawahi kuona kazi nzuri iliyoniuma hivyo.

Walikuwa wameitisha msaragambo, yaani ile kazi ya pamoja ambayo ukoo humfanyia mtu anayejenga. Walisubiri tuondoke ili iwe zawadi. Basili alikuwa anaeleza huku akifuta jasho: watu wanapita njiani wanasema dada yake Basili analala kwenye gari kama kondakta, na yeye ameona aibu, na mama yao angeona aibu, ndiyo maana amemtengenezea dada nyumba ya heshima ambayo haitatikisika mpaka mwisho wa dunia.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Dominika aliweka mkoba chini, akakaa juu ya nyasi, akafunika uso kwa ile mikono yake mikubwa. Nyimbo zilikatika moja moja. Sijawahi kumwona Dominika akinyamaza mbele ya chakula.

"Hajapenda rangi?" akauliza Basili.

Mimi nina hasira za karibu, na mume wangu anajua. Nilimshika mkono nikamvuta mpaka upande wa pili wa zizi. "Baba Veronika, nisikilize, na usitikise kichwa. Huu msingi ni wa nani?"

"Wa dada."

"Umejengwa juu ya ardhi ya nani?"

Alitazama chini, kwenye udongo wa kihamba chake.

"Umejijengea nyumba yako, ukamweka dada yako ndani," nikamwambia. "Alinunua kitu chenye magurudumu kwa sababu ndicho kitu pekee duniani anachoweza kukiweka hapa kikabaki chake. Jumatatu polisi anakuja kukagua tela. Atakuta nyumba. Hatasaini, hakuna kadi, hakuna bima. Na wewe utaingia humo kuchukua panga."

"Panga?"

"Panga, Basili! Na jembe, na ndizi, naye yuko kwenye beseni! Anataka mlango unaopigiwa hodi, basi. Miaka mitano hii ndicho anachotaka kwako."

Alisimama pale akiangalia ng'ombe. Basili si mjinga, ila fadhila zake hutangulia mbele akili ikifuata nyuma na mizigo. Nikaona imefika. Alitembea mpaka kwenye pembe ya ule msingi wake mpya, akainama, akang'oa mche mmoja wa isale aliokuwa ameupanda mchana uleule, akaupangusa udongo, akamwendea dada yake. Akapiga goti mbele ya watu wote, akaushika kwa mikono miwili.

Mnapaswa kujua kwamba isale ndiyo hiyo hiyo. Jani linaloweka mpaka ndilo linaloombea msamaha, na kwetu aliyeletewa isale hawezi kukataa, hata kama ameuliwa ng'ombe. Wazee wote waliweka vibuyu chini.

"Dada, nimekosa," akasema Basili. "Sikujua kama nilikuwa naingia."

Dominika akaondoa mikono usoni. Aliliangalia lile jani muda mrefu, na mizizi yake inayodondosha udongo, halafu akalipokea, kwa sababu hakuna namna nyingine. "Nimepokea," akasema. "Sasa chukua nyundo, saruji haijakauka."

Meku Sirili, yaani mzee Sirili, baba yao mdogo mwenye miaka themanini na mmoja, akainua kidole. "Mimi nauliza tu. Mbuzi amechinjwa kwa ajili ya kujenga. Wa kubomolea yuko wapi?"

"Meku, nitapika pilau," akasema Dominika, na sauti yake ya korongoni ilikuwa imerudi. "Pilau ya wazungu waliopanda mpaka kileleni wakashuka salama."

"Basi na tubomoe," akasema meku.

Sijaona msaragambo kama ule tena na sidhani kama nitauona. Wanaume walewale, mbege ileile kichwani, wakashambulia kazi yao wenyewe kwa furaha kubwa kuliko walivyoijenga. Kila jiwe lililotoka lilipigiwa vigelegele. Meku Sirili alikuwa amekaa juu ya ngazi tatu na akakataa kuondoka mpaka ya mwisho, wakambeba na ngazi yake. Jeki ikaletwa kutoka kwenye pikapu ya Basili, tela likainuliwa, gurudumu la kwanza likatolewa ghalani likafungwa. Gurudumu la pili lilikuwa limepelekwa juu kwenye stoo ya shangazi. Vijana wawili walilifuata, wakalishusha kwenye kijia wakilizungusha kwa mikono, na mtu asiyejulikana mpaka leo akaliachia.

Kilema ni mteremko mtupu. Gurudumu lilitupita mbele ya macho yetu likiwa na haraka zake, likakatiza kahawa, likaruka njia ya miguu, likampita katekista Monica aliyekuwa amebeba ndoo ya maziwa naye akafanya ishara ya msalaba bila kumwaga tone, likaingia migombani kwa jirani, likatokea upande wa pili. Wanaume kumi na wawili nyuma yake, kila mmoja akimpa mwenzake maelekezo. Dominika alikuwa mbele yao wote, sketi ameikamata mkononi, anapiga kelele kwa Kiingereza, lugha aliyoizoea kwa wanyama. Lilienda kutumbukia kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, likakaa sawasawa kama kizibo, na maji yakaanza kupanda. Kabla hawajalitoa, wenye zamu ya maji kule chini walishapanda na majembe kuuliza nani amewafungia. Dominika akawaalika kwenye pilau. Kufika saa tatu usiku tela lilikuwa limesimama juu ya miguu yake miwili, nao walikuwa watu thelathini na wanne kwenye sahani, nami nilikuwa nimekauka koo kwa kucheka.

Jumatatu afande Eliakim alikuja na pikipiki, miwani shingoni. Alizunguka tela polepole. Alitazama magurudumu, moja lina tope la mfongo na lingine lina saruji. Basili akawa amesogeza pikapu, ameunganisha waya wa taa. Taa ya kushoto ikawaka. Ya kulia ikakataa. Basili akaipiga kofi, ikawaka, na hakuna aliyepumua mpaka afande alipopita. Kisha akainama kwenye chesisi kutafuta namba, akakuta tone kubwa la saruji limekaa hasa juu ya tarakimu za mwisho. Dominika alikuwa tayari kwenye magoti na brashi ya kuogea na siki, akisugua kana kwamba sufuria imeunguzwa na mtu mwingine. Tarakimu zikatokea moja moja, afande akizisoma kwa sauti, nami nikifuatisha kwenye kadi ya zamani. Nne. Sifuri. Saba. Ya mwisho ilikuwa mbili. Ikatokea mbili.

Afande alisimama, akapangusa goti, akatazama ule mtaro mbichi uliozunguka tela pande nne, na lile rundo la mawe yenye plasta. "Hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na sherehe, afande," akasema meku Sirili.

Alimtazama meku, akamtazama chura mlangoni, akasaini juu ya tangi la pikipiki.

Kadi ilitoka baada ya majuma mawili. Tulikwenda kuichukua mimi na yeye, na kwenye ngazi za ofisi ile ya mapato aliniomba niisome mimi kwa sababu miwani yake ilikuwa imeingia ukungu. Nikasoma aina ya chombo, rangi, namba ya chesisi. Nikafika kwenye mmiliki. Dominika Aloisi Mlay. Aliniomba nirudie hapo. Nilirudia mara tatu, na nilikuwa tayari kurudia hadi jioni.

Ezra alitoa bima kubwa siku ileile, kwa sharti moja alilolisema mara mbili akimtazama Dominika machoni: tela likiwa linavutwa, binadamu haruhusiwi kuwa ndani. Ndiyo maana Jumamosi ile, Basili alipolifunga nyuma ya pikapu likiwa na kibao kipya cha namba kinachong'aa, ukoo mzima ulitembea kwa miguu nyuma yake. Dominika alikuwa ameahidi kwamba siku yoyote akitaka litatembea, naye alitaka siku hiyo. Tulitoka getini, tukapita barabara ya misheni, tukazunguka kanisa, Basili akiendesha taratibu kama amebeba mayai, watoto wakiimba jina la Chura, watu wakitoka madukani kuuliza ni maandamano ya mtakatifu gani. Dominika alitembea karibu na kibao. Kila baada ya hatua chache alikigusa.

Tuliporudi kihambani hakulirudisha nyuma ya zizi. Alimwelekeza kaka yake kwa mkono, kushoto, kushoto tena, nyuma kidogo, mpaka likasimama karibu na mti wa mgrevilea, mahali ambapo ukifungua dirisha asubuhi unaiona Kibo nzima. Akaweka jiwe mbele ya kila gurudumu na jiwe nyuma yake. Halafu akatushukuru wote, akaingia, akafunga mlango.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakamua. Nikamwona Basili anatoka ndani, anakwenda moja kwa moja jikoni kwa mama, anatoka mikono mitupu. Panga lilikuwa kwa Dominika, alilitumia jana kukata majani chini ya tela. Basili akatembea mpaka mgrevilea na mwendo wake wa siku zote, mkono umeshatangulia kwenye kitasa. Kisha akasimama. Nikaacha kukamua. Aliushusha mkono, akavuta shati likae vizuri, akakohoa.

"Hodi," akasema.

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani, taratibu.

"Naaani?"

Niliuma kitambaa cha kichwani nisicheke ng'ombe akashtuka.

"Ni mimi dada. Basili."

Alimwacha pale. Mume wangu, mwenye kihamba, alisimama nje kwenye umande akitazama chura, mikono ameikunja mbele kama mtoto wa komunyo, na hakusogea.

"Karibu, Basili," akasema wifi yangu, na akamfungulia.